Kebo Tatu na Swichi Moja

Mtu akinunua gari la umeme Bukoba, watu humuuliza linakimbia kiasi gani. Kuhusu kebo haulizwi na mtu. Laiti ningeulizwa mapema, maana kebo ndiyo iliyonikondesha.

Gari langu ni dogo, la Kijapani, limetumika kwao miaka kadhaa kabla ya kuletwa huku. Lilikuja na kebo yake ya kuchajia ndani ya mfuko wenye zipu. Upande mmoja uliingia kwenye gari bila shida. Upande wa pili ulikuwa na plagi ya vyuma bapa ambayo haiingii kwenye soketi yoyote ya mji huu. Jirani yangu wa mtaa wa Hamugembe, fundi umeme, aliitazama kidogo tu.

"Kata, weka plagi yetu ya pini tatu, twende kazi."

"Na ikiyeyuka?"

"Ikiyeyuka utaniita."

Sikumruhusu. Mimi sikusomea umeme. Yote ninayoyajua niliyatoa kwenye video, nikiyaandika kwenye daftari kwa kalamu za rangi mbili, na katika video hizo nilishaona plagi zilizogeuka uji mweusi. Basi nikaagiza kebo nyingine Dar es Salaam. Muuzaji aliniapia kwenye simu kwamba inaingia magari yote. Ilipofika nikahesabu matundu ya kichwa chake: saba. Gari langu lina matano. Nilihesabu tena, kana kwamba mawili yangeona haya yakajiondoa.

Kebo ya tatu ndiyo iliyokubali, baada ya mimi kumtumia muuzaji mwingine picha za mdomo wa gari wa kuchajia kutoka kila upande, pamoja na rula. Aliniuliza kama nataka mita tano au kumi. Nilikaa na swali hilo wiki nzima. Nilipima kutoka dirishani hadi gari linapolala, nikapima tena kwa kamba, na mwisho nikachukua kumi kwa hofu tu.

Ilipokuwa yangu ikaanza hofu nyingine. Ndani ya kebo kuna shaba, na shaba ina wanunuzi wake kwenye vyuma chakavu. Kwenye kishikio kuna kitundu ambacho kufuli dogo likipita, kichwa hakichomoki kwenye gari. Nilinunua kufuli. Kisha nikanunua mnyororo mwembamba wa kuishikilia kebo kwenye nondo za dirisha, na kufuli la pili. Kila nilipofunga nilirudi kujaribu. Nikiwa kitandani nilijiuliza kama nilijaribu kweli au nilikumbuka tu kujaribu kwa jana. Siandiki haya kwa kujisifu.

Yote hayo yangekuwa wazimu wangu peke yangu kama shangazi yangu wa Muleba hangepata nafasi ya kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Madaktari walikuja Bukoba kwa siku moja tu, na mwisho wa kuandikishwa ulikuwa saa nne asubuhi. Jicho la kushoto lilikuwa limeshakwenda. La kulia ndilo alilokuwa akipalilia nalo migomba. Kaka zangu walitaka kumkodia gari. Nikasema hapana, nitamfuata mwenyewe, kwa gari langu. Nilitaka waone.

Nilifika kwake jioni nikiwa na chaji asilimia ishirini na moja. Betri yangu ni ya zamani, na vilima vya njia ile haviionei huruma. Nilihitaji ichaji mpaka asubuhi ndipo tufike Bukoba. Nilipitisha kebo dirishani hadi soketi ya sebuleni, nikaizungushia plagi tepu nyeusi ili isilegee, nikafunga kufuli la kwenye gari, nikafunga la mnyororo. Mawingu yalikuwa yamejaa upande wa ziwa, kwa hiyo kile kisanduku cha katikati ya kebo chenye taa nikakifunika kwa ndoo, na juu ya ndoo nikaweka jiwe.

Shangazi alitoka akaipapasa kebo kwa mkono.

"Kamba hii yote ni ya gari?"

"Ndiyo, shangazi."

"Waitu! Basi hili bado linanyonya."

Tulikula ebitoke, ndizi zetu za kupika, na maharage. Radi ya kwanza ilipiga tukiwa bado mezani, sahani zikatikisika. Niliingia chumba cha wageni kubadilisha nguo zilizolowa, maana nilikuwa nimetoka tena kwenye mvua kuyajaribu makufuli. Shangazi akaniita kutoka sebuleni.

"Mwanangu, umefunga ile kitu yako?"

"Nimefunga, shangazi! Yote mawili!"

"Haya, basi na mimi nafunga huku."

Nikajua ni mlango. Nikalala vizuri kuliko nilivyolala mwezi mzima.

Asubuhi, saa kumi na mbili na nusu, gari lilisema asilimia arobaini na tatu. Kwa hiyo ningeishia njiani, Kemondo, na pengine nisifike hata hapo. Nilifunua ndoo, kisanduku hakikuwa na taa hata moja. Nikasema kebo imekufa. Nilifungua makufuli, nikachomoa kichwa, nikapuliza matundu, nikarudisha. Nikampigia muuzaji simu, hakupokea. Nikamwandikia ujumbe mrefu wenye maneno ambayo mama yangu hajui kwamba ninayajua. Nikafungua daftari langu, ukurasa wa hitilafu, nikaanza kufuata hatua niliyoiandika kwanza, halafu ya pili. Saa moja ikapita hivyo.

Shangazi alikuwa amekaa barazani tangu nilipoamka, amevaa kitenge chake cha kanisani, mkoba mapajani. Hakuwa amekula, kama alivyoagizwa.

"Tunaondoka saa ngapi?" akauliza.

"Shangazi, ngoja! Huoni ninahangaika?"

Nilimpigia kelele. Nilimuuliza "huoni" mtu niliyekuja kumpeleka akatibiwe macho. Akasema kwa upole, "Au hujafungua pale ukutani? Mimi nilifunga jana, radi ilikuwa inapiga. Nilikuuliza, ukasema na wewe umefunga."

Niliingia ndani. Plagi ilikuwa imekaa imara ndani ya tepu yangu, haikusogea hata kidogo. Swichi ndogo ya soketi, ambayo sikuwahi kuifikiria, ilikuwa imezimwa. Kwao redio hufungwa, taa hufungwa, na radi ikianza kila kitu cha umeme hufungwa. Mimi nimekulia humo humo. Nyumbani kwetu mama alifunga hivyo hivyo, na sisi tukikaa mbali na madirisha. Ni kufuli tu lililokuwa limenijaa kichwani.

Nilibonyeza swichi. Taa ya kijani ikawaka. Zilibaki saa mbili na nusu kabla ya orodha kufungwa, na gari lilihitaji zaidi ya hizo.

Jirani wa shangazi alipita na pikapu ya ndizi akielekea Bukoba sokoni. Shangazi alimsimamisha mwenyewe kwa kupunga mkoba.

"Na huyo mwenye gari la mkia?" jirani akauliza.

"Mwache. Linanyonya."

Walicheka wote wawili. Nilimsaidia kupanda, akanishika bega kwa uzito wake wote, na pikapu ikaondoka. Nilibaki nimesimama uani na funguo mbili za makufuli mkononi, nikiilinda kebo ambayo hakuna aliyewahi kuitaka.

Nilifika Bukoba saa saba na nusu. Nilikuwa nimemkasirikia shangazi njia nzima hadi Kemondo, na kutoka hapo nikajikasirikia mimi. Nilimkuta hospitalini kwenye benchi, jicho la kulia limefunikwa kwa pamba na plasta. Aliandikishwa wa mwisho kabla hawajafunga orodha. Jirani alikuwa ameacha ndizi zake kwenye pikapu akamshika mkono mpaka dirishani kwa wauguzi, na hakuondoka mpaka jina lilipoandikwa.

Nilianza kuomba msamaha. Nilikuwa nimeupanga barabarani, wenye sehemu tatu. Kabla sijamaliza ya kwanza muuguzi akatokea na karatasi za dawa, akauliza ni nani atakayempeleka mgonjwa nyumbani.

"Huyu hapa," shangazi akasema, akigeuza uso upande iliko sauti yangu. "Lakini muulize kwanza kama limeshiba."