Usaili wa Mdogo Wangu

Sekondari yetu tuliifyatulia matofali wenyewe. Serikali ilikuwa imelegeza kamba, ikasema wananchi na wajengee watoto wao shule, na kwa kweli yenyewe ilikuwa imeshindwa. Katika darasa langu lote la saba alichaguliwa mtoto mmoja tu kwenda sekondari ya serikali. Sisi wengine tukaambiwa tumefeli. Sikufeli. Nafasi hazikuwepo. Jambo hilo linanikera mpaka leo.

Kwa hiyo shule ilipofunguliwa, nje kidogo ya Milanzi, mimi umri ulikuwa umeshanipita, na tumaini la nyumba yetu likawa mdogo wangu wa kike. Baba aliuza ulezi wote ghalani kwa ajili ya ada. Kilichobaki ni usaili, nao ulikuwa wa Kiingereza. Tangu lini mtoto akafundishwa miaka saba kwa Kiswahili, nyumbani anaongea Kifipa, halafu akapimwa kwa Kiingereza? Lakini nani angetujibu. Nikamkaririsha kwa Kiingereza kidogo nilichokuwa nacho, huku tukipukuchua mahindi: jina lako nani, baba yako anafanya kazi gani, kwa nini unataka kusoma. Akayashika yote.

Siku yenyewe sisi wasindikizaji tulisimama dirishani. Msaili alikuwa mwalimu kijana, mgeni kwetu, tai shingoni. Mdogo wangu akaingia, akapiga magoti, akapiga makofi taratibu kama mama alivyotufunza, akasema, "Shikamoo, mwalimu." Kisha akatulia.

Kwetu mtoto haanzi kuongea na mkubwa kabla hajaitikiwa salamu. Hata kama umetumwa kusema ng'ombe wameingia shambani, unangoja kwanza.

Yule kijana hakuitikia. Alimwambia kwa Kiingereza ainuke, aketi, ataje jina lake. Mdogo wangu akabaki magotini, macho chini. Akaulizwa tena, kwa ukali. Nilitamani kupenya kwenye nondo za dirisha. Sema basi, jina lako unalijua! Yeye akapiga makofi tena, akarudia shikamoo, akidhani labda hakusikika.

"Huyu hajui kitu," kijana akamwambia mwenzake aliyeketi pembeni, safari hii kwa Kiswahili. "Mwingine!"

Tulipofika nyumbani baba akamuuliza ameulizwa nini.

"Hawakuniitikia, baba."

"Basi umefanya vema, mwanangu. Ndivyo inavyotakiwa."

Nilitoka nje nisije nikamjibu vibaya. Nilikuwa na hasira na yule kijana, na serikali, na baba pia, maana alisema kweli, na kweli yake haikumfungulia mtoto mlango wowote. Nafasi zilikuwa zimeshajaa.

Kesho yake mdogo wangu alichukua jembe akanifuata shambani. Njiani aliwaamkia wakubwa wote tuliokutana nao, na wote walimwitikia.