Bakanku Batatu na Fonction ya Honorine

Mademoiselle Honorine Tshibola anapangaka chumba mu parcelle yangu hapa Kolwezi. Anafundishaka hesabu mu sekondari. Mi nilifika mwaka ya sita primaire, nikashika premier; bale balionaka ile bulletin ya masomo karibu bote balisha kufa, njo maana ninajisemea mwenyewe.

Préfet ya masomo, bwana mukubwa sana ya ile sekondari, alimuambia: inspecteur atafika siku ya ine, batoto bakishindwa tena kueleza fonction ni nini, classe inaenda kwa mwalimu mwenzake, tata Gracien. Tata Gracien hajui hesabu, lakini iko na kravati mu shingo.

Juma muzima nikasikia Honorine akirudilia mu baraza:

— Relation ni fonction kama kila élément ya kundi ya kwanza iko na image moja tu mu kundi ya pili.

Maneno mazuri. Hata kuku zilisimama kusikiliza, kisha zikaendelea kula.

— Batoto banasema nini? nikauliza.

— Banaandika, nkambo. Hawaelewi, lakini banaandika vizuri sana.

— Na diplome yote ile! Weka kitabu chini. Mu classe yako kuko Kanku ngapi?

— Batatu. Mujukuu yenu Abigaël pia ni Kanku.

Sisi bantu ya Kasai, mutoto mwenye kufuata mapasa, batoto babili ba mimba moja, anaitwa Kanku, apende asipende. Baba hachagui, padiri hachagui.

— Basi shika kila mutoto, uulize jina yake ya kuzaliwa: ni moja tu. Batatu bakiwa na jina moja, hakuna mubaya. Sasa geuza. Ita Kanku hapa, uone.

Akaita. Mujukuu yangu Abigaël akatokea na sabuni mu kichwa. Kanku ya jirani akachungulia juu ya ukuta ya lupango.

Honorine akashika mudomo.

— Kutoka mutoto kwenda jina, ni fonction. Kutoka jina kwenda mutoto, hapana!

— Kumbe kitabu yako ilikuwa inasema ile? Ingesema mapema.

Siku ya ine inspecteur akafika, préfet nyuma yake, na tata Gracien mu kravati mupya, tayari kupokea chaki. Inspecteur akafungua liste:

— Kanku, simama, ueleze fonction.

Batatu bakasimama. Préfet akafura:

— Mademoiselle, hata kukaa hujawafundisha?

Abigaël njo alijibu:

— Si kosa yetu, tata inspecteur. Umeita jina moja, imetoa bantu batatu. Ile haiko fonction. Uanzie kwa mutoto, utapata jina moja tu.

Inspecteur akaangalia liste, akacheka mpaka miwani ikaanguka.

— Nani mwalimu ya hii classe?

— Mademoiselle Honorine, préfet akajibu mbio. Mi mwenyewe nilimuchagua.

Honorine alibaki na classe yake. Tata Gracien alibaki na kravati. Na mi, hakuna mutu aliniuliza kitu. Njo maana nimeandika.