Jovelyn na Kamba ya Bendera

Jovelyn Sumagaysay alipoajiriwa katika halmashauri ya mji wetu, kisiwani Panay, hakuna aliyemchukia. Hilo ndilo lililokuwa tatizo. Ana ulemavu wa akili, na sheria inatenga nafasi serikalini kwa watu kama yeye, basi akapewa mkataba wa muda wa usafi, chini yangu mimi Neneng, msimamizi wa usafi. Akishika ufagio, karani anamnyang'anya: "Acha, Inday, utachoka bure." Inday ndivyo tunavyomwita binti kwetu. Akibeba ndoo, mwingine anambebea. Kazi yake ikabaki kula vitafunio na kusifiwa kwamba ana tabasamu zuri. Mama yake, Pasing, anayeuza keki za mchele getini, ndiye aliyekuwa akiingia asubuhi kudeki sehemu ya bintiye. Niliwafokea wote. Wakasema Neneng ana roho mbaya.

Kisha akaja mkurugenzi mpya, Bwana Quiambao, mtu asiyecheka na mtu. Hata wiki haijaisha akaniita.

"Dada Neneng, yule binti anafanya nini hapa?"

"Usafi, bosi."

"Sijamwona. Nimemwona mama yake." Akaweka kalamu chini. "Jumatatu apandishe bendera. Peke yake. Mkono wa mtu mwingine ukigusa ile kamba, mkataba wake ukiisha mwezi huu hatumpi mwingine."

Nilitoka nimefura. Kilichoniuma zaidi ni kwamba hakukosea.

Tukafanya mazoezi kila jioni. Siku ya kwanza alifunga bendera yetu ya bluu na nyekundu huku nyekundu ikiwa juu, na kwetu nyekundu ikikaa juu ni ishara ya vita. Dodong mlinzi akapiga kelele: "Jamani kimbieni, Inday katangaza vita!" Jovelyn alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akainuka, akaifungua, akaifunga upya.

"Ikikwama?" nilimuuliza.

"Nashusha kidogo, navuta tena."

"Nani anakusaidia?"

"Hakuna."

"Hata mama?"

Hapo aligeuka akaangalia getini.

Jumatatu ikaamka na upepo. Wafanyakazi wote uwanjani, mkono kifuani, meya mbele, Quiambao pembeni yake. Bluu juu. Nikashusha pumzi. Wimbo ukaanza, Jovelyn akavuta, na bendera ikapanda vizuri hadi katikati. Hapo kamba ikakwama kwenye kapi, kile kigurudumu cha juu ya mlingoti.

Wimbo ukaisha. Bendera imesimama nusu mlingoti kana kwamba meya amekufa, naye yupo mbele yetu anatoka jasho. Hakuna aliyethubutu kushusha mkono. Jovelyn akavuta kwa nguvu zaidi, akaning'inia kwenye kamba kwa uzito wake wote. Haikusogea. Nyuma yangu wakaanza: "Maskini! Si mumsaidie?" Dodong akanyanyua mguu. Nikamshika mkanda.

"Ukisogea nakuvunja," nilimnong'oneza. Shusha kidogo, mwanangu, nilikuwa nikiomba moyoni. Shusha kidogo.

Ndipo nikamwona Pasing. Ametoka getini mbio, aproni kiunoni, kandambili moja imemvuka njiani, anakata uwanja katikati ya watu wazima waliosimama wima. Nilikuwa mbali naye. Akafika kwenye mlingoti, akanyoosha mkono.

"Mama, usiguse!"

Sijawahi kumsikia Jovelyn akipaza sauti vile.

"Rudi, Mama! Niko kazini!"

Pasing akaganda, mkono hewani. Jovelyn akaigeukia kamba. Akashusha kidogo, akangoja upepo utulie, akavuta tena. Kapi likalia. Bendera ikapanda, polepole, polepole, mpaka juu kabisa, naye akaifunga kwa fundo kubwa, baya kuliko mafundo yote niliyowahi kuona. Likashika.

Pasing hakujua mkono wake aupeleke wapi. Mwishowe akauweka kifuani kama sisi.

"Amechelewa," Quiambao aliniambia watu walipotawanyika.

"Ndiyo, bosi."

"Jumatatu ijayo aanze mapema kidogo."

Nilitoka mbio getini kumpa Pasing habari. Nilimkuta amekaa nyuma ya meza yake, mguu mmoja peku, keki zinaungua kwenye jiko lake la mkaa na yeye anaziangalia tu.

"Mkataba upo!" nikamwambia. "Amepita, Pasing!"

Aliitikia kwa kichwa kwamba amesikia, akajifuta macho kwa aproni.

"Amenifukuza mbele ya watu," alisema. "Sasa asubuhi nitakuwa nafanya nini?"

Nikaepua keki zake motoni. Ndani, Jovelyn alikuwa ameshaanza kudeki.