Mwalimu Wetu wa Kulia

Mwalimu aliyenifundisha kuigiza, pale Iringa, alikuwa hodari wa kuliza watu. Kitunguu alikipiga marufuku, na dawa ya mafua ya kupaka machoni pia. Ukitaka kulia, alisema, mkumbuke mtu wako kwa kitu kimoja kidogo, na usiwape watazamaji mgongo. Aliyetoa mgongo alifukuzwa mazoezini papo hapo. Alitupeleka hata kwenye misiba ya watu tusiowajua, eti tukajifunze. Tulilia vizuri mno, wafiwa wakanyamaza kutuangalia. Nusu ya waigizaji mnaowaona wakilia kwenye runinga ni kazi ya mikono yake, mtusamehe.

Basi mama yake akafariki, tukaenda kuzika Uyole. Tulimkuta mwalimu hana hata chozi. Alikuwa akihamisha viti ili jeneza lionekane vizuri. Kwaya ya kanisa aliipanga upya, warefu nyuma, na mchungaji akaambiwa apaze sauti. Akina shangazi walikuwa wameshaanza kunong'ona: mtoto asiyemlilia mama yake, huyo ana jambo. Kwetu neno hilo likishatoka, umeshakuwa mchawi, ndugu hawali tena kwako.

Akaniita nyuma, kwenye masufuria ya wali wa msiba.

"Mwanangu, nimekauka. Shangazi zangu watanimaliza. Nifanyeje?"

Nilimwonea huruma, na nikafurahi kidogo pia, maana alinitesa sana yule mzee.

"Mwalimu, mkumbuke kwa kitu kimoja kidogo."

Akafikiri. "Alikuwa anakuja kwenye kila mchezo wangu. Anakaa mbele kabisa, analala. Mchezo ukiisha anaamka, anapiga makofi kuliko watu wote."

Kaburini alichota udongo, akashindwa kuutupa. Akageuka, akawapa waombolezaji wote mgongo, akalia ovyo kabisa: kamasi zinamtoka, sauti imekwama, mabega yanaruka kila moja kivyake. Mimi kwa kilio kile ningepata sifuri. Nikaanza kulia naye.

Shangazi yake mmoja, aliyesimama kando yangu, akabetua mdomo.

"Muone! Si ndiyo kazi yake? Anaigiza huyo."

"Hapana, shangazi," nikamjibu, adabu zote zimenitoka. "Akiigiza huwa analia vizuri."