Bibi Harusi Aliyekaza Uso

Namshukuru Mungu aliyeniachia macho yanayoona na magoti yanayokunjika, katika umri ambao wenzangu wengi wamekalia vigoda wakingoja chai. Lililo jema katika haya nitakayosimulia limetoka kwake. Yaliyokwenda kombo ni yangu.

Nilianza kupiga picha za harusi nikiwa tayari babu. Kwa miaka mingi nilikuwa katekista Lodwar, nikiwafundisha wachumba kabla ya ndoa. Nilipostaafu, binti yangu aliniletea kamera, akidhani nitawapiga picha wajukuu tu. Kijana mmoja mwenye studio sokoni, ambaye zamani nilimwandaa kwa kipaimara, akanifundisha mambo ya mwanga na mahali pa kusimama.

"Mwalimu," aliniambia, "hakikisha bibi harusi anacheka. Picha bila meno hakuna mtu anaitaka."

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa Kakuma, penye kambi ya wakimbizi. Bwana harusi alikuwa Mturkana wa kwetu Lodwar, fundi wa pampu za maji kambini. Bibi harusi alikuwa Mkongo, aliyelelewa kambini na mama yake mdogo. Mama mzazi alibaki Uvira, huko Kongo, na hakuweza kusafiri.

Asubuhi niliwakuta wakimvalisha. Nikainua kamera, nikasema, "Cheka kidogo, binti yangu." Msichana akaanza kucheka mara moja, maana kwa asili alikuwa mwepesi wa kicheko. Mama mdogo akaweka kiganja mbele ya lenzi.

"Papa, usimuchekeshe mutoto. Kwetu bibi arusi hachekake."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Hizi picha zitaenda kwa dada yangu. Akiona meno, atasema mutoto amefurahi kutuacha." Akamgeukia msichana. "Na wewe, funga kinywa. Utacheka kesho, bwana akishaonja bugali yako."

Wasichana waliomzunguka wakaangua kicheko, isipokuwa yeye. Aliuma mdomo na kutazama chini.

Nikatii. Nikampiga picha hivyo hivyo, kichwa kimeinama, uso mzito kama wa aliyefiwa. Kila nilipotazama kioo cha kamera, moyo ulinishuka. Walioniita kazini walikuwa watu wa bwana harusi, na nilijua wao wataona nini katika uso ule.

Tulipofika kanisani, upepo ulikuwa ukisukuma vumbi uani. Kina mama wa Kiturkana waliotoka Lodwar walilizunguka gari la bibi harusi wakiimba na kurukaruka. Mbele yao alikuwa mama wa bwana harusi, mjane, shanga zimempanda hadi kidevuni. Akachungulia dirishani, na wimbo ukamkatikia kooni.

Alinivuta kando ya ukuta, akasema nami kwa Kiturkana.

"Huyo si msichana aliyekuja kwangu. Yule alicheka mpaka mbuzi wakashtuka. Wamemfanya nini?"

"Hawajamfanya kitu. Ni desturi yao."

"Umeijua lini desturi yao?"

"Leo asubuhi."

"Basi nyamaza. Wewe unataka picha zako tu."

Kisha akaniambia kwamba dada yake aliozwa akiwa na uso kama ule. Wazee walisema ni haya ya kisichana. Dada huyo alitoroka nyumbani kwa mumewe, na hawakumwona tena. "Sitamchukua mtoto wa watu kwa nguvu," akasema. "Mimi siingii. Na kijana wangu hataingia bila mimi." Akaketi juu ya jiwe.

Kengele ikalia. Bwana harusi alimwona mama yake chini, akasimama mlangoni asijue aende wapi. Padri akatoka nje. Mama mdogo akashuka garini.

"Kuna nini? Wanatukataa?"

Nyimbo zilikoma. Watu wa upande huu wakajikusanya peke yao, na wa upande ule peke yao, na katikati nilibaki mimi na kamera shingoni. Maishani nimewauliza wachumba wengi kama wanakuja kwa hiari yao, lakini siku hiyo neno langu halikuwa na uzito. Nikaomba kimoyomoyo, kisha nikamwambia yule mjane, "Usiniulize mimi. Muulize mwenyewe."

Nikamweleza mama mdogo hofu ya mwenzake. Alikunja mikono, kisha akafungua mlango wa gari. "Amuulize."

Mjane akainama mlangoni. "Ejok?"

"Ejok," msichana akaitikia salamu bila kuinua uso.

"Wewe unataka hii kijana yangu?"

Msichana akilia, nikawaza, harusi imekwisha. Akicheka, mama yake mdogo ataaibika mbele ya watu wake.

"Ninamutaka, mama."

"Sasa mbona uso iko hivi? Nani amekupiga?"

"Hakuna mutu. Mama yangu iko mbali. Ataniona kwa picha tu. Nikicheka, atalala na kilio."

"Kwani wewe hutacheka tena?"

"Nitacheka kule kwako."

Mjane alimtazama. "Mama yako ananijua?"

"Anajua sauti tu, ya simu."

Mjane aliingia garini, akaketi bega kwa bega na msichana, akapanga shanga zake, akafuta vumbi usoni. Kisha akafunga kinywa na kukaza uso kama aliyeitwa barazani kutoa ushahidi.

"Piga," akaniambia kwa Kiturkana. "Mamake aone mtoto amekaa na mtu mzima."

Jua lilikuwa nyuma yao, na mwalimu wangu wa studio angelaani mwanga ule. Nikabonyeza, nikabonyeza tena. Mama mdogo alisogea, akatazama kioo begani pangu.

"Hiyo," akasema polepole. "Hiyo ndiyo tutamutumia kwanza."

Mjane akashuka, akampa mwanawe mkono, wakaingia. Padri alipouliza kuhusu hiari, sauti ya msichana ilikuwa ndogo, ila sote tuliisikia.

Niliporudi Lodwar, kijana wa studio alizipitia picha, kisha akaniangalia. "Mwalimu, hii ni harusi ama ni kesi?"

"Ni harusi," nikamwambia.

Nawe uliyenisoma, Mungu awapokee wanao popote watakapokwenda. Awawekee mlangoni mtu wa kuwauliza wanataka nini, mwenye subira ya kungoja wajibu. Amina.