Mama na Mpiga Besi

Mwaka jana nilimtoa mama yangu kijijini Gesima nikamleta mjini Kisii, tule chakula cha jioni hotelini kisha tusikilize okestra iliyokuja kutoka Nairobi. Baba alikataa kuja. Alisema ng'ombe hajikamui, na isitoshe, muziki usio na maneno ni wa kusubirishwa kwenye simu.

Mama alivaa gauni lake la zambarau alilovaa kwenye harusi ya dada yangu, na viatu vilivyombana toka nyumbani. Hotelini tulipewa meza ya dirishani. Sasa, kwetu Gusii mama mzazi tunamwita "Baba", nami nikasahau niko wapi.

"Baba, utakula samaki au kuku?"

Weita, mtu wa Pwani mwenye adabu zake, akatazama mlangoni. Akaondoka, akarudi na sahani ya tatu, uma na kisu.

"Mzee bado anaegesha gari?" akauliza.

"Mzee anakamua ng'ombe," mama akamjibu.

Ikabidi nimweleze. Alicheka mpaka akaishika meza, na toka hapo ikawa "Karibu supu, Baba," "Nikuongeze maji, Baba?" Watu wa meza ya pili wakaacha kula.

Samaki alikuja mnofu mmoja juu ya viazi vya kupondwa, mchuzi umechorwa kando kama mstari wa kalamu. Mama alimgeuza kwa uma.

"Wenzake wako wapi?"

Lakini alimla polepole, macho ameyafumba, kisha akaukwangua mchuzi kwa mkate hadi sahani ikang'aa. "Mpishi anajua kazi," alisema. "Shida yake ni uchoyo."

Ukumbi ulikuwa ng'ambo ya barabara. Wanamuziki walikuwa kumi na wawili, wote wamevaa nyeusi. Kipande cha kwanza kilipotulia katikati, ukumbi mzima ulinyamaza. Mama akapiga makofi, akaongeza "Amina!" kwa sauti ya kanisani. Bwana mmoja mwenye tai aliyeketi mbele yetu akageuka.

"Hapa watu hungoja mpaka mwisho kabisa," nilimnong'oneza.

"Kwani wamekosea wapi?"

Niliteleza kitini nikajifanya natafuta kitu mkobani.

Kabla ya mapumziko, kondakta, aliyekuwa akiwaongoza kwa kijiti, alisema mwenye swali aulize. Niliuwahi mkono wa mama, lakini mwenyewe alikuwa ameshasimama.

"Yule wa nyuma, mwenye fidla kubwa kuliko yeye. Tangu tuketi anavuma tu chini ya wengine. Yeye hapewi zamu?"

Watu walicheka. Mimi nilijua hatanii. Mama ameimba sauti ya chini kwenye kwaya ya kanisa tangu kabla sijazaliwa, na sijawahi kumsikia akipewa ubeti wa peke yake.

Kondakta akamgeukia mpiga besi. "Umesikia?"

Yule bwana, mnene, mwenye miwani, alijipangusa jasho. Akafikiri kidogo, akauweka upinde juu ya nyuzi. Sauti iliyotoka ilikuwa nzito mno hata niliisikia kwenye mbao za kiti. Alikosea mahali, akasimama, akatabasamu, akaanza upya. Safari hii hakukosea. Bwana mwenye tai alipiga makofi hata kabla wimbo haujaisha.

Tamasha lilipomalizika tulikuwa tunatoka taratibu kwa ajili ya vile viatu, mpiga besi akatuita.

"Mama, miaka yote hii niko huko nyuma. Hakuna aliyewahi kuniuliza."

"Hata mimi sijawahi kuulizwa," mama akasema, kisha akaomba kuigusa besi.

Akampisha. Mama aliuvuta uzi mnene kuliko zote kwa kidole kimoja, kiganja cha mkono wa pili amekiweka ubavuni mwa besi. Alingoja mpaka mvumo ukaisha kabisa. Kisha akauvuta tena.