Kerengende Asiyekuwa na Mato

Enzi zetu punda wa kisiwa chetu cha Amu walikuwa na adabu zao, isipokuwa mmoja. Huyo alimlia baba kofia. Baba yuko barazani, kofia ameivua apate upepo, punda akapita akaichukua kama achukuaye majani. Baba nyuma, kikoi amekishika mkononi, mbio mpaka kona ya msikiti. Alirudi na nusu ya kofia. Kuna watu wangali wakicheka hadi leo, na mimi ni mmoja wao.

Kofia ile alikuwa ameishona mama, kitobo kwa kitobo, na mwenye kuijua kazi hiyo anajua si ya siku mbili. Akaanza nyengine. Nyumba ikajaa vipande vya uzi, na sisi watoto tukapigwa marufuku kumkaribia. "Atakayenigusa mkono nitamshona yeye," akisema.

Ndipo Mjomba Shee, nduguye mama, akatukusanya kwenye daka, kile kibaraza cha mlangoni. Alikuja kutoka Kizingitini alale usiku mmoja, akakaa mpaka tukamzoea. Mikono yake haikujua kutulia. Kokwa ya tende ikawa kiwiliwili cha mdudu, nyuzi za mama zikawa miguu, njiti ya ufagio ikawa mkia. Nyuki tulimpaka manjano ya jikoni na mistari ya masizi ya chungu. Gundi ni uji wa ngano, na nusu yake tukiulamba. Lakini aliyewashinda wote ni kerengende wa Mwanaesha, dada yangu mdogo. Mbawa zake maganda ya kitunguu, ukipita upepo zinatetemeka kweli. Mato, yaani macho kwa nyinyi wa bara, ni punje mbili za pilipili manga.

Wajukuu wangu mimi wananunuliwa mdudu wa plastiki anayelia mwenyewe. Betri ikiisha, amekufa. Nikiwaita, "Ndooni hapa tumenye kitunguu," wananiuliza kama iko video.

Basi akaja binamu yetu Omari, ametoka chuoni, msahafu kwapani. Akamtazama kerengende. "We Mwanaesha! Umeunda kiumbe! Kiyama utaambiwa umtie roho huyo. Utaweza?"

Mwanaesha alikwenda pembeni akaanza kumpuliza. Tukadhani anacheza. Akapuliza, akapuliza, mashavu yamemvimba, mpaka bawa moja likang'oka, akaangua kilio.

"Una nini, mwana?" mjomba akamuuliza.

"Hataki kuwa hai, mjomba. Na mimi nitaulizwa!"

Sisi tulicheka. Mjomba hakucheka. Alimchukua kerengende, akalirudisha bawa, kisha akang'oa zile punje mbili. "Haya. Huyu sasa hana mato. Si kiumbe tena, ni kokwa na ganda la kitunguu."

Mwanaesha akapangusa kamasi. "Na mato yake?"

Mjomba akayatia kinywani, akayatafuna. "Nimeyala mimi. Niulizwe mimi."

Mtoto akatulia. Halafu akakunja uso tena. "Sasa ataionaje ndia?"

Mjomba akamfunga kerengende uzi shingoni, akampa ncha yake. "Utamwongoza wewe."

Alimtembeza mitaa yote siku ile. Tukimsikia vichochoroni: "Ngazi hiyo. Pole pole. Punda huyo, ngoja apite."

Leo Mwanaesha ni bibi wa watu. Huketi kwenye daka lile lile na wajukuu zake na wangu, kitunguu kimemenywa, uji wa ngano katika kikombe kilichovunjika mkono, na simu zimesahauliwa juu ya mkeka. Watoto wa siku hizi hawana subira, lakini hapo huwezi kuwaondoa. Kerengende wake hawana mato, na kila mmoja ana uzi wake. Wakimuuliza kwa nini, huwaambia mato aliyala mjomba.

Na mjomba mwenyewe? Pilipili ilimwasha siku ile, machozi yakamtoka. Akasema anakwenda kunywa maji. Akaupita mtungi, akavaa viatu vyake mlangoni, akashika ndia ya gatini, kwenye mashua za kwao Kizingitini, huku bado anatafuna, na kwetu hakurudi tena.